Ngoma za Watemi Hazilindwi kwa Makofi

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Juni, karibu na Sikukuu ya Ekaristi, umati wa watu huiacha barabara kuu iendayo Musoma pale Kisesa, yapata kilomita 20 kutoka mjini Mwanza, wakapanda kwenda Bujora. Huenda kuitazama Bulabo, neno ambalo kwa Kisukuma maana yake ni maua. Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma na kwa dawa. Bayeye hucheza na nyoka mbele ya watoto wenye hofu. Vijana wa bugobogobo huyarusha majembe juu na kuyadaka kwa pamoja kama mtu mmoja. Jua likichwa, kila mtu hurudi kwake ameridhika. Kesho yake uwanja huwa mtupu, mlango wa makumbusho hufunguliwa kama kawaida, na mchwa nao huendelea na kazi yao. Leo twataka kusema juu ya kesho yake hiyo, na juu ya fedha zinazohitajika ili ifuatiwe na kesho nyingine.

Twajua kwamba maneno ya fedha hayapendezi yakitajwa karibu na maneno ya mila. Watu wengi huona kwamba mambo ya wazee ni matakatifu, na kuyahesabia shilingi ni kuyadunisha. Lakini hilo ni kosa. Ngozi ya ngoma haijui kwamba ni takatifu, ikinyeshewa huoza. Kiti cha mtemi hakijui kilikaliwa na nani; kisipopakwa dawa huliwa na wadudu kama ubao wowote wa sokoni. Anayependa vitu hivyo kwa kweli hana budi kuuliza vinatunzwa kwa fedha gani, na fedha hizo zatoka wapi.

Yatupasa kwanza kukumbuka jinsi makumbusho hayo yalivyozaliwa, maana katika historia yake ndimo mlimo nguvu yake na udhaifu wake. Hayakujengwa na Serikali. Yalitokana na fikra za Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao wengi wetu huwaita Mapadri Weupe. Katika miaka ya 1950, wakati ambapo walimu wengi wa dini walizihesabu ngoma za wenyeji kuwa ni mambo ya gizani, yeye aliwakusanya wazee wenye kujua mila, akawasikiliza, akaandika waliyoyasema. Kanisa la Bujora likajengwa la mviringo na kupambwa kwa alama za utemi, ili Msukuma aingiapo kusali asijione mgeni nyumbani kwa Mungu.

Ikafika mwaka 1963. Serikali ya Tanganyika huru ikaufuta utawala wa machifu. Hatuna haja ya kuibisha hukumu hiyo leo. Taifa changa lilitaka raia wote wawe sawa mbele ya sheria, na hilo lilikuwa jambo la haki. Lakini utawala ulipokwisha, vitu vyake vilibaki. Ngoma zilizopigwa siku ya kumsimika mtemi, viti, mikuki na mataji zikawa mali isiyokuwa na kazi wala mlinzi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliweka masharti juu ya kutoa vitu vya namna hiyo nje ya nchi, lakini sheria pekee haiwezi kulinda kitu kilichowekwa darini kwa mjane maskini. Bujora ikawa kimbilio. Makumbusho yakafunguliwa mwaka 1968, na jumba la vitu vya watemi likapewa umbo la kiti cha enzi. Kadhalika zilijengwa nyumba za kuonyesha maisha ya Msukuma, mkiwamo ya mhunzi na ya mganga. Kwa hiyo vitu vya tawala nyingi, ambazo zamani zilipigania mipaka na ng'ombe, vilikaa pamoja chini ya paa moja kwa amani.

Padri Clement alifariki mwaka 1986. Hapo ndipo lilipoanza swali ambalo hata sasa halijapata jibu la kudumu. Kazi iliyoanzishwa na mtu mmoja mwenye moyo aghalabu huwa na mfuko wa mtu mmoja. Marafiki walio mbali humwandikia yeye, humtumia yeye, humwamini yeye. Siku anapozikwa, barua hupungua, na baada ya miaka michache marafiki wenyewe huzeeka. Jimbo Kuu la Mwanza likabaki na mzigo wa kuyatunza makumbusho, likiwa pia na parokia, shule na hospitali zinazolililia kila siku. Wageni wema kutoka nchi za nje wamesaidia kwa vipindi. Lakini msaada wa vipindi ni kama mvua ya vuli: hushukuriwa inaponyesha, wala mkulima mwenye akili hajengi ghala kwa kuitegemea hiyo peke yake.

Sasa tuyatazame mambo ya fedha wazi wazi, kama vile mhazini wa chama cha ushirika anavyoyaeleza mbele ya wanachama. Makumbusho ya hisani, yaani yale yasiyotafuta faida, hupata riziki yake kwa njia nne. Kwanza ni viingilio na malazi ya wageni. Pili ni sadaka na zawadi. Tatu ni misaada ya Serikali na ya wafadhili. Nne, ambayo ndiyo ya kudumu kuliko zote, ni mapato ya akiba iliyowekwa mahali ikazaa. Makumbusho yenye afya husimama juu ya miguu yote minne. Yaliyo dhaifu husimama juu ya mguu mmoja au miwili, na mguu mmoja ukiteleza, nyumba nzima huanguka.

Mguu wa kwanza ulionyesha udhaifu wake duniani kote mwaka 2020. Ugonjwa wa korona ulipoenea, shirika la UNESCO lilieleza kwamba makumbusho zaidi ya 85,000, yaani karibu asilimia 90 ya makumbusho yote ulimwenguni, yalifungwa kwa muda. Ndege zilikaa chini, watalii wakabaki makwao. Nyumba zilizokuwa zikila kila siku kile kilichoingia mlangoni siku hiyo zilijikuta hazina kitu. Bujora iko katika njia ya wageni waendao Serengeti kwa upande wa Ziwa, na wageni hao ni baraka. Lakini mgeni anaweza kuzuiwa na ugonjwa, na vita, au na uvumi tu aliousoma gazetini kwao.

Mguu wa tatu, yaani wa wafadhili, una kasoro nyingine ambayo wananchi wengi hawaijui. Mfadhili hupenda kitu kinachoonekana. Atatoa fedha za kujenga ukumbi mpya, na jina lake litaandikwa ukutani. Ni vigumu sana kumpata atakayetoa mshahara wa mlinzi wa usiku kwa miaka 10, au gharama ya dawa ya mchwa, au bati moja moja linapotoboka. Hivyo taasisi huweza kuwa na jengo zuri na njaa ndani yake. Wala jengo jipya si ahueni, kwani kila ukumbi unaoongezwa una paa la kuvuja, mlango wa kufungwa na sakafu ya kufagiwa. Zawadi ya leo hugeuka kuwa deni la kesho.

Mifano ipo karibu na mbali. Katika mji wa Rio de Janeiro, Makumbusho ya Taifa ya Brazili yaliyoanzishwa mwaka 1818 yaliungua usiku wa tarehe 2 Septemba 2018, mwaka ule ule wa kutimiza miaka 200. Kwa miaka mingi fedha za matunzo zilikuwa zikipunguzwa. Mkataba wa fedha za ukarabati, pamoja na vifaa vya kuzuia moto, ulikuwa umekwisha kutiwa sahihi miezi michache kabla, lakini moto haukuzingoja fedha zifike. Na wazima moto walipokuja walikuta mabomba ya karibu hayana maji ya kutosha. Kule Unguja, Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883 lililokuwa fahari ya Mji Mkongwe, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika matengenezo, na watu wakapoteza maisha. Kazi ya kuliokoa ilianza, lakini ilikuwa imechelewa mno. Hapo hapo Unguja, chuo cha muziki cha nchi za majahazi, kilichoanzishwa mwaka 2002 na kuwafundisha vijana wengi taarabu na ngoma za asili, mwaka 2019 kilijikuta katika hatari ya kufungwa kwa sababu fedha kutoka nje zilipungua.

Hata katika Ukerewe, mbele ya macho yetu, liko fundisho. Mzee Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe kitabu chake kikubwa juu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Hakuna aliyekuwa tayari kugharimia kukichapa. Ilimpasa akifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na chapa yake ina mwaka 1980, miaka 35 baadaye. Mwaka uliofuata mzee huyo akafariki. Kitabu kilisalimika kwa uvumilivu wa mwandishi wake. Lakini je, ni maandishi mangapi mengine ya visiwani na ya pwani ya Ziwa yaliyoliwa na panya kwa sababu mwenyewe hakuwa na uvumilivu kama huo, wala jirani hakuwa na senti?

Wako watakaosema: hayo yote ni kweli, lakini watoto wetu wakaa chini darasani, zahanati hazina dawa za kutosha, na akina mama wateka maji mbali ingawa Ziwa liko mbele yao. Iweje tuzungumze habari ya ngoma kuukuu? Hoja hiyo twaiheshimu, wala hatuwezi kuipuuza. Twasema hivi: hakuna anayeomba dawati moja liondolewe shuleni ili kiti cha mtemi kipakwe mafuta. Kiasi kinachotakiwa ni kidogo mno kikilinganishwa na gharama za shule na zahanati. Tena iko tofauti moja kubwa. Dawati lisiponunuliwa mwaka huu laweza kununuliwa mwaka ujao, ingawa mtoto atakuwa ameumia. Ngoma ya utemi ikishaoza hainunuliwi tena kwa bei yoyote, maana fundi wake amekufa, na aliyejua jina lake na kisa chake amekufa pia.

Wako wengine watakaosema kwamba Bujora ni mali ya Kanisa, kwa hiyo Kanisa ligharimie. Na wengine, kwamba ni mambo ya Wasukuma, kwa hiyo yawahusu nini Wakerewe, Wazinza, Wajita na Wakara, au Mwislamu wa Kirumba, au Mpentekoste wa Igoma? Jibu letu ni kwamba aliyepewa amana si mwenye mali. Ngoma zile zilitengenezwa na mafundi wa nchi hii kabla ya wengi wao kusikia habari ya kanisa au ya msikiti. Kanisa limezilinda kwa muda ambao sisi wengine tulikuwa tukishughulika na mengine, na kwa hilo lastahili shukrani. Lakini kumshukuru mlinzi hakutuondolei wajibu wa kumpa chakula.

Tena wako wanaosema kila jambo na liangukie Serikali. Ni kweli kwamba tunalo shirika la Makumbusho ya Taifa, lililowekwa kwa sheria ya mwaka 1980, lenye nyumba zake Dar es Salaam, Arusha, Butiama na kwingineko. Bujora si mojawapo ya nyumba hizo. Serikali yaweza kusaidia kwa wataalamu, kwa mafunzo, na kwa ruzuku ya kila mwaka ya halmashauri. Na twaona ni haki isaidie. Viongozi wa nchi wamekwisha kuonyesha heshima kwa jambo hili: mwezi wa Septemba 2021, katika tamasha la utamaduni lililofanywa huko Kisesa, Rais Samia Suluhu Hassan alipewa na machifu jina la Hangaya. Hata hivyo heshima ni jambo moja na fungu la bajeti ni jambo jingine, na nyumba inayotegemea bajeti peke yake itakonda kila mwaka ambao nchi imepatwa na njaa au mafuriko.

Basi wenyeji wa Kanda ya Ziwa wafanye nini? Sisi twaona mambo manne.

La kwanza ni kuanzisha akiba ya kudumu, ambayo mtaji wake hauguswi. Mathalan, shilingi milioni 100 zikiwekwa katika hatifungani za Serikali zinazouzwa na Benki Kuu, na tuchukulie kwamba zazaa asilimia 10 kwa mwaka, zitaleta shilingi milioni 10 kila mwaka pasipo mtaji kupungua. Fedha hizo si za kujengea kumbi. Ni za mlinzi, za dawa ya mchwa, za bati na za kuandika orodha ya vitu. Je, mtaji huo hauwezekani? Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu 3,699,872 katika mkoa wa Mwanza peke yake. Mtu mmoja katika kila kumi akitoa shilingi 500 mara moja tu, zitapatikana karibu shilingi milioni 185. Hiyo ni bei ya vikombe vichache vya chai.

La pili ni shule. Halmashauri za Magu, Ilemela, Nyamagana, Misungwi na Kwimba zipange kila mwanafunzi aione Bujora walau mara moja kabla ya kumaliza darasa la saba, na kiingilio chake, hata kikiwa kidogo, kilipwe kwa utaratibu unaojulikana mapema. Daraja la Kigongo na Busisi lililofunguliwa mwezi wa Juni 2025 limewaondolea watu wa Sengerema na Geita adha ya kungoja kivuko; watoto wao nao waje. Mapato ya mwanafunzi ni madogo kuliko ya mtalii, lakini huja kila mwaka, wala hayazuiwi na habari mbaya za magazeti ya ng'ambo. Tena mtoto aliyeiona ngoma leo ndiye mtu mzima atakayeichangia baada ya miaka 20.

La tatu ni vyama. Wakulima wa pamba wa nchi hii hawahitaji kufundishwa namna ya kuchangia. Mwaka 1955 waliunganisha vyama vyao katika shirikisho la Victoria, chini ya uongozi wa watu kama Paul Bomani, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Fedha. Na kwa nguvu zao wenyewe wakaingia katika biashara ya kuchambua pamba, ambayo zamani ilikuwa mikononi mwa wengine. Hawakuwa matajiri. Walikuwa na utaratibu, na kila mmoja alitoa kidogo. Baada ya hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wenyeji wa Usukuma na Unyamwezi walianzisha sungusungu kulinda ng'ombe wao, bila kungoja mshahara wa mtu. Watu walioweza kulinda zizi hawashindwi kulinda jumba moja. Vyama vya pamba, vya wavuvi, vya waendesha pikipiki, pamoja na vikundi vya Bagika na Bagalu wenyewe, kila kimoja kiwe na fungu lake.

Majirani zetu wa ng'ambo ya Ziwa wametutangulia. Makaburi ya Kasubi ya Kabaka wa Buganda yaliungua mwezi wa Machi 2010. Serikali ya Uganda ilisaidia, na Japani pia. Lakini mwaka 2013 Katikiro Charles Peter Mayiga aliwaendea watu wa kawaida, wilaya kwa wilaya, akiwaomba kila mmoja alete tofali lake. Akina mama wa sokoni walitoa, wanafunzi walitoa. Mwaka 2023 UNESCO iliyaondoa makaburi hayo katika orodha ya mahali palipo hatarini. Lakini wao walichanga baada ya moto. Sisi twaweza kuchanga kabla.

La nne, ambalo bila hilo hayo matatu ni bure, ni hesabu. Mwananchi wa leo amekwisha kuchangishwa mara nyingi, na mara nyingine hakuona kilichofanyika. Hatatoa kwa sanduku lililofungwa. Kwa hiyo twawaomba wenye dhamana ya makumbusho, kwa heshima zote, mfuko wa makumbusho uwe mbali kabisa na mfuko wa parokia; uwe na wadhamini ambao miongoni mwao wamo watu wa halmashauri, wa vyama na wazee wa mila, Wakristo na wasio Wakristo; ukaguliwe kila mwaka; na hesabu zake zibandikwe ukutani kwa Kiswahili chepesi: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Siku ya Bulabo, kabla ngoma ya kwanza haijapigwa, mhazini asimame mbele ya umati azisome. Dakika kumi zatosha. Watu wakisikia kwamba shilingi zao zilinunua mabati mangapi, mwaka ujao watatoa tena bila kubembelezwa.

Sisi tuliosomeshwa na wamisionari tulifundishwa habari ya wale wanawali waliobeba taa zao wakasahau mafuta. Taa zilikuwa nzuri, wala hakuna aliyewalaumu kwa taa. Makumbusho ya Bujora ni taa nzuri. Wasukuma wa zamani walikuwa na desturi kwamba shamba la mtu likizidi nguvu zake, kijana mkuu, nsumba ntale, huwaita basumba wenzake, nao huja na majembe wakalima kwa siku moja shamba ambalo mtu mmoja angelilima kwa mwezi. Shamba la Bujora limeuzidi uwezo wa mlezi mmoja. Wanaopaswa kuitana ni wakurugenzi wa halmashauri, viongozi wa ushirika na wenye dhamana ya makumbusho, wakae meza moja kabla ya Juni ijayo, wateue wadhamini, wafungue akaunti, na waanze kuandika majina ya wachangiaji.